Mbele ya Kamba ya Ndiva

Sogeeni, na anayejua hesabu akunjue vidole, maana hadithi hii ina hesabu ndogo iliyoishinda nchi nzima.

Nchi yenyewe ni Kivunde, nchi ya milimani isiyo na mto. Maji yake hukusanywa kwenye ndiva, bwawa lenye ukuta wa mawe, lililozibwa kwa gogo lenye kamba ndefu. Huko serikali haiapishwi kwa kitabu. Wawakilishi ni thelathini na mmoja. Wakipatikana kumi na sita wakaishika kamba pamoja na kung'oa kizibo, hao ndio serikali. Anayesimama mbele ya kamba ndiye mkuu, na sheria inasema hivi: "Mbele atasimama yule ambaye bila yeye maji yasingetoka."

Kabla ya hapo hakuna anayegusa kizibo, hata kwa dharura. Zamani mtu mmoja alikigusa kwa dharura, akatawala miaka kumi na tisa.

Basi, walikuwapo watu watatu. Nakijwa, mkulima wa maharage wa bondeni, alikuwa na kipaji cha kuaminiwa: akisema twendeni, watu husimama kabla ya kuuliza wapi. Mrutu, fundi cherehani wa sokoni, alikuwa na kipaji cha kusikiliza: aliweza kuyapokea matusi ya mtu na kuyafikisha kwa mwenzake yakiwa yamebaki hoja tu. Sifaeli, mjenzi wa mawe kutoka juu, alikuwa na kipaji cha mkono: akiugusa ukuta, anajua umechoka wapi.

Uchaguzi ulipokwisha, Chama cha Juu kilikuwa na viti kumi na vitano. Chama cha Bondeni, cha Nakijwa, kumi na viwili. Chama cha Soko, cha Mrutu, vinne. Hesabuni wenyewe. Hakuna aliyefika kumi na sita. Na mvua zikaanza.

Nakijwa hakutulia. Kila asubuhi alikwenda kuutazama mguu wa ukuta. Miaka sita nyuma, mume wake aliacha hindi motoni akatoka kwenda kuangalia kwa nini maji yanayovuja chini ya ukuta yamegeuka tope. Hindi lilipoiva, ukuta wa wakati ule haukuwapo, wala yeye. Kwa hiyo Nakijwa alikuwa na kipimo ambacho hakuwahi kumwambia mtu: kati ya tope la kwanza na maporomoko kuna muda wa kuchoma hindi moja.

Alimfuata Mrutu kibandani kwake.

"Kaka Mrutu, nipe mikono yako minne."

"Dada, umewaahidi watu wako maji yote ya mchana," alijibu Mrutu, pini zikiwa mdomoni. "Watu wa juu wakikauka, hapa sokoni watatuletea nini? Uvumi?"

"Ukuta utajengwa upya?" aliuliza Nakijwa.

"Utajengwa. Lakini maji ya mchana nusu kwa nusu."

Ahadi ya maji yote ndiyo iliyompa Nakijwa viti vyake. Aliteremka bondeni akaitengua mbele ya watu, mchana kweupe. Mtu mmoja akapaza sauti, "Mama, tulikupa kura au tulikuazima?"

"Mliniazima," alisema. "Ukuta ukisimama, njooni mninyang'anye."

Walimzomea. Kisha wakabaki naye. Wote kumi na wawili.

Kwa Mrutu nako, mgeni alibisha hodi. Alikuwa Mbonea, kiongozi wa Chama cha Juu.

"Lete wanne wako kwangu," alisema Mbonea, "na mbele ya kamba usimame wewe. Mimi nataka mawe tu, tujenge mfereji mpya wa juu. Ukuta usubiri."

Kumi na tano na nne. Ilikuwa hesabu rahisi kuliko zote. Mrutu alikunja kitambaa alichokuwa akishona.

"Bwana Mbonea, suti hii ni nzuri, lakini naona umeikata kwa kipimo cha maiti wa bondeni."

Wenzake walimcheka wiki nzima. "Mtu kaitwa mezani, yeye kaenda kuosha vyombo!" Aliwasikiliza mmoja mmoja mpaka wakachoka, na wote wanne wakabaki naye.

Sasa kumi na mbili na nne ni kumi na sita, mtasema hadithi imekwisha. Lakini kabla hawajaishika kamba, siku ya tisa tangu uchaguzi, mwakilishi mmoja wa bondeni, Kiangi, alifariki kwa homa ya mapafu. Huko Kivunde kiti cha marehemu hakikaliwi mpaka arobaini ipite. Ikabaki kumi na tano kwa kumi na tano, na maji yakabakiza shubiri mbili kufika ukingoni.

Ndipo Sifaeli alipotia mkono kwenye ufa wa ukuta. Alipoutoa, kucha zote zilikuwa nyeusi kwa udongo uliooza ndani ya mawe. Yeye ni mwakilishi wa Chama cha Juu, na Mbonea ni kaka yake, tumbo moja.

"Kaka, ukuta huu hauna siku tatu."

"Ukuta wa nani?"

"Ukuta, kaka."

"Ukivuka mfereji kwenda bondeni, kigoda chako utakikuta nje."

Alivuka. Mama yao mwenyewe ndiye aliyekileta kigoda, akakipindua ukingoni mwa mfereji. Maana yake kila mtu wa Kivunde anaijua: huyu hatazikwa kwao. Sifaeli alikitazama kidogo. Akakiokota, akakitia kichwani, akaendelea kushuka.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja, mikono kumi na sita ilikuwa kwenye kamba. Nafasi ya mbele ilikuwa wazi.

"Asimame Nakijwa, ana kumi na mmoja!" walisema wa bondeni.

"Mrutu angekuwa hapo tangu wiki iliyopita kama angetaka!" walisema wa sokoni.

Sifaeli hakuwa na wa kumsemea. Ndekirwa, mwanamke mtunza ndiva, ndiye aliyesema, "Mmoja katoa ahadi, mmoja katoa cheo. Huyu katoa kaburi."

Wakabishana. Nakijwa hakuwa akisikiliza. Chini ya ukuta, pale maji yalipokuwa yakivuja safi, palitoka tope.

"Ndekirwa," alisema, "sheria inakataza kuvuta bila mtu wa mbele?"

"Sheria haikufikiri mtakuwa wajinga kiasi hicho."

"Basi haikatazi."

Wakavuta, kila mtu pale alipokuwa. Gogo likatoka kwa mshindo, maji yakashuka mferejini, na ukuta ukabaki umesimama. Nakijwa aliendelea kuishika kamba hata baada ya wenzake kuiachia.

Lakini kizibo hurudishwa na mkuu, kwa mikono yake, kabla ndiva haijakauka. Asiporudisha, maji ya kupandia mbegu yote yanakwenda, na msimu unakwenda nayo. Gogo liko kwenye nyasi, limelowa. Mrutu, kwa mara ya kwanza, hamsikilizi mtu. Sifaeli amekaa juu ya kigoda chake. Nakijwa anakitaka cheo kile, na hafichi hilo: ana ukuta wa kujenga. Lakini kila akitaka kuinua mguu, anakiona kigoda.

Bila kumi na moja wa Nakijwa, maji yasingetoka. Bila wanne wa Mrutu, yasingetoka. Bila mmoja, Sifaeli, yasingetoka.

Mawe ya katikati ya ndiva yameanza kuonekana. Watu wote wa Kivunde wamegeuka, wanakutazama wewe uliyesikia yote. Je, gogo lile utamkabidhi nani?