Kwa Nini Mwari Ana Mfuko na Heroe Hula Kichwa Chini

Siku hizi mji ukifunga undugu na mji wa mbali, watu hukata utepe, huvalishana mashada na kupiga picha, wakadhani wao ndio wa kwanza kulifikiria jambo hilo. Wamechelewa. Ndege walilianza zamani, tena wakaliharibu zamani, na mimi kila nikilikumbuka huona uchungu kama ni jambo la kwetu. Tulieni basi niwaeleze.

Maziwa ya bonde hili yalipokuwa bado mageni machoni pa ndege, heroe hawakula kichwa chini kama mnavyowaona. Walikula wamesimama wima, midomo yao imenyooka, wakitazamana na kupiga soga. Mwari naye hakuwa na huo mfuko unaoning'inia chini ya mdomo. Alikuwa na mdomo mrefu tu, wa kawaida, usiotazamwa mara mbili. Heroe walikuwa na mji wao kwenye ziwa la magadi, ambako maji huwasha ulimi na samaki hawaishi. Mwari walikaa ng'ambo ya kilima, kwenye ziwa la maji matamu lenye samaki na konokono wa kila namna. Pande hizo mbili zilijuana kwa kupishana angani, basi.

Kilichowakutanisha ni ukame. Ziwa la magadi lilikauka likawa ukoko mweupe, na heroe wakavuka kilima wakiongozwa na bibi mmoja aliyeitwa Nanyokie. Alikuwa mwekundu kuliko wenzake wote, na mwenye kujipenda kuliko wote pia. Upande wa pili alipokewa na Taplelei, mkuu wa akina mama wa mwari, mweupe, mnene, mcheshi, asiyejua kumnyima mtu. Taplelei alisogeza kiota chake ili mgeni apate nafasi. Akamlisha, akamsitiri, wakawa hawaachani. Kifaranga cha Taplelei kilipoanguliwa, Nanyokie ndiye aliyekipa jina, na kilizoea kulala chini ya bawa lake.

Mvua ziliporudi, miji ile miwili iliapa kuwa pacha. Kila mwaka baada ya masika mji mmoja utautembelea mwingine, kwa zamu. Wenyeji watatoa chakula, wageni watatoa nyimbo. Na kwa kuwa heroe walikuwa wamekwisha kula vya mwari, zamu ya kwanza ya kukaribisha ikawa yao. Waliagana kwa vifijo, Taplelei akiahidi kuja na kifaranga chake kikishaota mabawa.

Nanyokie alirudi kwake na furaha tele, mpaka alipolitazama ziwa lake kwa macho ya mgeni. Aliona nini? Magadi, na mwani wa kijani unaovutika kama mlenda. Ndicho chakula walichokila heroe tangu babu zao, asubuhi na jioni, wakanawiri. Lakini yeye alikuwa amekwisha kuona samaki wa kwa Taplelei wakirukaruka, na haya ikamshika.

"Tutawapa nini watu wale?" aliuliza. "Huu mlenda?"

"Si ndio uliokukuza wewe?" akasema shangazi yake, kikongwe aliyebaki na manyoya machache. "Wape hicho hicho. Mgeni anakuja kukuona wewe."

"Shangazi, wewe hukuona tulivyolishwa kule. Nitauweka wapi uso wangu?"

Basi badala ya kusema karibuni, alituma salamu kwamba ziwa limechafuka, wageni wasije mwaka ule. Mwaka uliofuata akatuma kwamba kuna maradhi. Wa tatu akasema wana njaa kali, hawana cha kujitia mdomoni. Na kwa kuwa hakuweza kwenda kula tena kwa mtu ambaye yeye mwenyewe alishindwa kumkaribisha, naye hakuvuka kilima. Hivi ndivyo alivyomkosa rafiki yake miaka yote hiyo, na alimkosa kwelikweli. Alikuwa akisimama peke yake akikitazama kile kilima, halafu akiulizwa anasema anaangalia mawingu.

Taplelei hakuwa na shaka hata kidogo. Rafiki yake amesema ana njaa, basi ana njaa. Na kwa desturi ya mwari, mwenzako akiwa na shida huendi kwake mikono mitupu, unabeba chakula cha kutosha ili asihangaike na jiko. Tatizo lilikuwa namna ya kuwavusha samaki kilima. Miguuni waliponyoka, mdomoni hawakutosha. Ndipo Taplelei alipoishika ngozi ya chini ya mdomo wake akaanza kuivuta. Aliijaza maji ikatanuka, akaongeza, ikatanuka tena. Iliuma sana, na usiku hakupata usingizi, lakini hakuacha mpaka ikawa mfuko. Wenzake walipomwona nao wakafanya vivyo hivyo, na mji mzima ukajitanua ngozi kwa ajili ya njaa ambayo haikuwepo.

Sasa kumbukeni kwamba heroe nao walikuwa na desturi yao. Kwao, mgeni anayeingia na chakula chake amekutukana. Amewatangazia majirani kwamba kwako hakuliki. Undugu waliapa, nyimbo walifundishana, lakini jambo hili dogo hakuna aliyemwuliza mwenzake.

Mwari walitua mchana kweupe, bila kubisha hodi, wakawakuta heroe wote wanakula, wamenona, midomo imejaa mwani. Taplelei alimwendea rafiki yake mbio, kifaranga wake wa zamani, sasa mkubwa, akimfuata nyuma.

"Dada yangu! Usihangaike na chochote," alisema huku akihema. "Nimekuletea." Akafunua mdomo, na samaki wakaonekana mle mfukoni.

Heroe wote waliacha kula. Nanyokie alihisi ziwa zima linamtazama.

"Nani kakwambia kwangu kuna njaa?"

"Wewe, dada. Ulituma mwenyewe."

 Nanyokie angeweza kucheka, angeweza kusema nisamehe, niliona aibu. Taplelei wa watu angecheka mpaka akaanguka. Badala yake alisema, "Rudi na samaki wako. Sisi si maskini wa kuletewa makombo."

Taplelei aliduwaa. Kisha akaona ule mwani ukichuruzika mdomoni mwa mwenzake, akainama, akachota kidogo, akaonja. Akameza, akaonja tena.

"Mbona kizuri?" aliuliza taratibu. "Ndicho ulichokuwa unanificha miaka yote hii?"

Neno hilo ndilo lililomvunja Nanyokie. Alikipindua kichwa chake, akautumbukiza uso majini, utosi chini, asionekane. Taplelei alimwita. Yule kijana wa Taplelei, aliyepewa jina na Nanyokie, naye akaita. Hakuinuka. Aliung'ang'aniza mdomo kwenye matope mpaka ukapinda katikati, na wenzake, wakimwonea haya mkuu wao, wakainamisha vichwa kama yeye. Wapo wanaosema hapo ndipo walipopata wekundu, kwa aibu. Si kweli. Wekundu walikuwa nao, na ulitokana na kile kile chakula walichokionea haya.

Na tangu siku hiyo heroe hula kichwa chini, na mdomo wake umepinda usinyooke tena. Mwari naye hakuweza kuirudisha ngozi yake. Lakini hakurudi kwao moja kwa moja. Nendeni ziwa la magadi mkatazame. Mtawaona mwari wamelala pale kwenye visiwa vya mawe, pahali pasipo na samaki hata mmoja. Asubuhi huvuka kilima kwenda kuvua kwao, kisha hurudi na mifuko imejaa, hutua karibu na heroe, hungoja. Heroe huinua uso kidogo, maji yakimtiririka, humtazama mwari, kisha huinama tena kula. Mwari humeza samaki wake mwenyewe.