Mwali wa Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba na vyungu vyao, Bi Pimbi alikuwa fundi wa kuchonga vigoda. Umbo lake dogo, lakini mdomo wake! Acha tu.

Siku moja Mfalme Tembo akamtupia gogo la mninga, bichi, linachuruzika maji. Puu!

"Nataka kigoda cha sherehe yangu. Lianike juani likauke upesi. Kikipasuka kama kile alichonichongea Nungunungu, naikanyaga nyumba yako!"

Bi Pimbi akawatazama wanawe. Gogo bichi likianikwa juani hupasuka, lakini nani atamwambia Tembo? Basi akalipaka nta huku na huku palipokatwa, akaliacha na magome yake, akaliweka ndani kivulini juu ya mawe ili hewa ipite chini, likauke polepole. Kisha akalifunika kanga gubigubi.

Kesho yake akaja Fisi, askari wa Tembo. "Hodi! Mbona gogo haliko juani?"

"Shhh! Liko chumbani, na chumbani nina mwali. Mwanamume haingii!"

Fisi akachungulia, akaona kanga. "Lo! Mbona mnene hivyo?"

"Ulitaka nimnyime chakula?"

Fisi mbio kwa Tembo. Tembo naye ana mabinti, mila anaijua. "Mwali hatolewi kabla ya siku yake," akasema, "nami sipigi ngoma yangu kabla ya ngoma yake. Sherehe ingoje."

Ikangoja. Masika yakapita, kiangazi kikapita. Siku ya kumtoa mwali wote wakaja, Fisi kabeba zawadi. Ndu! Ndu! Ndu! Bi Pimbi akafunua kanga.

Gogo!

"Umenichezea!" Tembo akanguruma, akainua mguu juu ya paa. "Mamaa!" watoto wakalia.

"Ngoja, Mfalme! Sasa limekauka. Nichonge kigoda, ukikalie. Kikipasuka, kanyaga!"

Akachonga palepale, ko! ko! ko! Tembo akakaa. Wote wakatega masikio wasikie pwaa!

Kimya. Tembo akajitikisa. Hakuna hata ufa wa kupita sisimizi.

"Haaa!" Tembo akashusha pumzi, akacheka mpaka masikio yakapepea. "Kweli mwali huyu kalelewa!"

Bi Pimbi akawakumbatia wanawe, akalia kwa furaha. Na Fisi? Kasimama na zawadi mkononi, hajui ampe nani.

Wajukuu zangu, mti mbichi haujui cheo cha mtu.