Sikio la Milada

Mko macho? Basi sogeeni motoni.

Hapo kale, katika nchi ya Wacheki, palikuwa na kijiji kidogo kiitwacho Olshina, kati ya kilima, kijito na bwawa la samaki. Waanzilishi wake walipewa ardhi na zimwi la bwawani, kwa sharti moja: kila mtoto apelekwe kwenye mawe matatu ya mpaka, avutwe sikio mpaka alie.

"Asiyelia kwenye mawe yangu," lilisema zimwi, "siku akivuka mpaka atakisahau kijiji."

Bohumir alikuwa amefiwa na mke, akabaki na binti mmoja, Milada, mwenye masikio ya marehemu mama yake. Siku ya mawe ilipofika, mkono haukumtii. Kwenye jiwe la kilimani akanong'ona, "Piga kelele tu, mwanangu." Milada akapiga. Kwenye jiwe la kijitoni, vivyo hivyo. Kwenye jiwe la bwawani akapiga kelele huku akicheka, na kitu majini kikacheka naye.

Milada akakua, akaolewa ng'ambo ya kilima. Bohumir akangoja, akangoja, akangoja.

Hata siku moja Milada akasimama mlangoni, amebeba mtoto.

"Shikamoo, mzee. Naomba maji. Kijiji hiki kinaitwaje?"

Bohumir akampa maji. Kisha akalishika lile sikio, na safari hii akalivuta kwa nguvu. Milada akashtuka, akarudi nyuma. Aliyelia alikuwa Bohumir.

"Kinaitwa Olshina, mama," akasema.

Hadithi inaishia mlangoni hapo. Anayelia, na alie.