Msafara Uliotanguliwa na Kobe

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo kaitikia kama aliyefunga siku tatu? Nyanyueni sauti. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko macho. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na serikali yao, kiangazi kikali kiliingia nyika ya Mlale. Nyasi zikakauka. Mito ikakauka. Ikabaki chemchemi moja tu, na Mtemi wa nyika, Nyati, akaizungushia miiba. Akasema, "Hii ni ya kuogea mimi." Akaweka walinzi, mafisi kumi na wawili wenye virungu, mkubwa wao akiitwa Afande Fisi.

Wanyama wakavumilia siku ya kwanza. Wakavumilia ya pili. Siku ya tatu Bi Digidigi akawaendea wenzake, mtoto wake yuko nyuma yake. Digidigi mnamjua, kijinyama kidogo, miguu kama vijiti. Akasema, "Jamani, mwanangu hana hata machozi ya kulilia. Mimi naenda kumwomba Mtemi afungue maji."

Bi Kanga akamjibu, "Hutakwenda peke yako, dada."

Wakaondoka wote. Sasa sikilizeni mila yao. Katika nyika ile, msafara wa kiangazi hutanguliwa na mwenye mwendo mdogo kuliko wote. Punda milia hampiti swala, swala hampiti ngiri, na hakuna wa kumpita Mzee Kobe. Ndivyo walivyofundishwa na bibi zao, ili asiachwe mtu nyuma. Basi Kobe mbele, kwaru, kwaru, kwaru. Wengine nyuma yake, wanaimba:

Maji ya Mungu, Mtemi fungua,
twaja polepole, Mtemi fungua.

Hakuna aliyeshika jiwe. Hakuna aliyeinamisha pembe. Walifika penye miiba saa za jua la utosi, wakaketi chini.

Afande Fisi akasema, "Tawanyikeni."

Bi Kanga akasema, "Afande, hatukuja kugombana. Tunataka kumwona Mtemi."

"Nimesema tawanyikeni. Nahesabu mpaka tatu. Moja."

Hakufika mbili. Virungu vikashuka. Pu! Pa! Pu! Ngiri akapasuka pua. Kobe akapinduliwa chali, gamba lake likapata ufa. Bi Digidigi alimlalia mwanawe amkinge. Kirungu kikampata shingoni, na hakuinuka tena.

Mimi nikifika hapa hushikwa na hasira, wala sioni haya kusema. Kosa lake lilikuwa nini? Aliomba maji.

Mngedhani walikimbia wakajificha. Wangejificha nisingewalaumu. Lakini wao walimgeuza Mzee Kobe akasimama, wakambeba Bi Digidigi, wakaenda naye mpaka barazani kwa Mtemi. Wakamlaza chini, wakaketi.

Nyati akatoka, akakaa kwenye kiti chake. "Nini hiki?"

"Shikamoo, Mtemi," akasema Bi Kanga. "Huyu ni Digidigi. Walinzi wako wamemuua."

Nyati akamtazama Fisi, aliyekuwa amewafuata na walinzi wake. Fisi akapiga saluti. "Mtemi, walituvamia. Walikuja mbio, kundi zima. Tukajihami."

"Mbio?"

"Mbio sana, Mtemi. Sisi tumekaa zetu, tukashtukia wametufikia."

Uongo wa fisi huo! Kwa mafisi, mwenye kasi ndiye hutangulia, na anayechelewa hukuta mifupa mitupu. Mila ya wenzake Afande hakuijua, wala hakuona haja ya kuijua.

Bi Kanga akauliza, "Afande, katika hizo mbio, nani alikuwa mbele?"

Fisi akasita. Mlinzi mmoja nyuma yake, ambaye hakuwa amezoea kusema uongo, akajibu upesi, "Kobe."

Baraza zima likamgeukia Kobe. Bi Kanga akasema, "Mzee Kobe, hebu mvamie Mtemi tuone."

Kobe akaondoka. Kwaru. Kwaru. Kwaru. Gamba lina ufa, na kila hatua inamuuma. Nyati akangoja. Nzi wakaja, wakatua juu ya Bi Digidigi, na Kobe hajafika nusu ya baraza. Nyati akangoja tena. Mafisi wakaanza kutazama kucha zao. Hakuna aliyecheka.

"Basi," akasema Nyati. "Inatosha."

Kobe hakusimama. Kwaru, kwaru, kwaru, mpaka kwenye kwato za Mtemi. Akainua shingo. "Nimekuvamia, Mtemi," akasema.

Nyati akatazama chini. "Ondoeni miiba. Kila mtu anywe. Mambo yaishe."

Wakaenda wakanywa. Mtoto wa Digidigi akanywa mpaka tumbo likawa ngoma. Kisha wakamzika mama yake.

Asubuhi yake Nyati akasikia wimbo mlangoni:

Maji tumekunywa, Mtemi tuambie,
nani kaamuru, Mtemi tuambie.

Akatoka amekunja uso. "Maji nimewapa. Mnataka nini tena?"

"Maji hayakuwa yako, Mtemi, hukutupa kitu," akasema Bi Kanga. "Tumekuja kuuliza nani alitoa amri ya kutupiga."

Nyati akaingia ndani, akafunga mlango. Wao wakaketi. Kesho yake wakaja tena. Keshokutwa yake wakaja tena. Siku ya saba Bi Kanga akamgeukia Afande Fisi, aliyekuwa akilinda mlango. "Basi tuambie wewe. Tukikosa mwingine wa kulaumu, tutakulaumu peke yako."

Fisi akatazama kulia, akatazama kushoto. Akaweka kirungu chini. "Niliua, sikatai," akasema. "Lakini niliambiwa, 'Nisiwaone hapa. Fanya utakavyo.'"

"Uliambiwa na nani?"

Fisi akanyoosha mkono, akauonyesha mlango wa Mtemi.

Wanyama wote wakageuka kuutazama. Mlango haukufunguliwa. Ndipo Mzee Kobe akaondoka kuuendea, kwaru, kwaru, kwaru, na nyika nzima nyuma yake.

Mnaniuliza mafunzo? Ni haya, wakubwa kwa wadogo: anayekuja mikono mitupu kudai haki yake si mvamizi. Mvamizi ni yule anayempiga, na aliyemtuma kupiga ana damu mikononi vilevile. Wanaodai nao wasichoke kuuliza. Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Nyati.