Kamati ya Mfarishi wa Kidawa

Paukwa!

Pakawa!

Huko nyuma mmeitika nusunusu. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanalala vitandani, aliishi Bi Pimbi na binti yake, Kidawa. Kidawa alikuwa na mfarishi, kifuniko cha viraka kilichojazwa sufi, alioshonewa na mama yake alipozaliwa.

Kidawa akakua. Akahamia kwenye kitanda cha marehemu bibi yake. Kitanda kikubwa, mfarishi mdogo. Akifunika kifua, miguu nje. Akifunika miguu, kifua nje. Na kipupwe kimeshaingia. Kho! Kho! Kho! Mtoto anakohoa, mama roho juu.

"Jamani majirani," akasema Bi Pimbi, "naomba vitambaa niukuze mfarishi huu. Hata matambara nitashukuru."

Mnadhani walileta matambara? Thubutu! Waliunda kamati.

Bwana Ngiri akawa mwenyekiti, maana ndiye mwenye meno ya nje. Akaleta kitambaa chekundu, kimedariziwa jina lake, herufi kubwa kama sahani.

"Dada Pimbi, changu kikae katikati. Pembeni nani atakiona?"

Bi Pimbi akaona haya kumkatalia. Fyuu! Akafumua katikati. Chomo, chomo, chomo! Akashona.

Kesho yake akaja Bi Mbuni, shingo mbele, mwili baadaye. Kitambaa cha njano, jina lake, na picha yake juu.

"Shoga yangu, mimi na pembeni wapi na wapi? Niweke katikati!"

Fyuu! Cha Ngiri kikatoka. Chomo, chomo, chomo! Cha Mbuni kikaingia.

Akaja Nyumbu. Katikati! Akaja Punda. Katikati! Fyuu! Chomo, chomo, chomo! Wiki mbili nzima. Kila kinachoingia kinakitoa kilichotangulia, na vilivyotolewa vinarundikana kikapuni. Mfarishi haukuongezeka hata upana wa kidole.

"Mama, baridi. Kho! Kho!"

"Vumilia mwanangu, kamati inakaa kesho."

Kamati ikakaa. Ikanywa uji wote wa Bi Pimbi. Ikaazimia: Mheshimiwa Kiboko awe mgeni rasmi, auzindue mfarishi siku ya Ijumaa. Hadi hapo, Kidawa asiuguse.

"Atauchafua," akasema Ngiri, matope yakimdondoka.

Basi mfarishi ukatundikwa ukutani, na mtoto akabaki na shuka tupu. Alhamisi asubuhi Bi Pimbi akamgusa paji la uso. Moto! Mtoto ana homa, anatetemeka, meno yanagongana, ta-ta-ta-ta. Bi Pimbi akautazama ule mfarishi ukutani, akaona aibu. Siku zote hizo alikuwa anawaogopa majirani kuliko alivyomhurumia mwanawe.

Akautungua. Fyuu! Akakitoa kitambaa cha katikati, akavirudisha viraka vya zamani mahali pake. Kisha akakishika kikapu. Vitambaa vyote vya wakubwa akavipanga pembeni, kulia na kushoto, juu na chini. Chomo, chomo, chomo, mpaka adhuhuri. Akamfunika Kidawa kuanzia kidevuni hadi nyayoni, na pindo likabaki la kuchomekea chini ya godoro.

Ijumaa ikafika. Ngoma, ndu! ndu! ndu! Kiboko akaingia na mkasi wa kukatia utepe, kamati nyuma yake. Wakamkuta Kidawa amelala fofofo, homa imeshuka.

"Mfarishi uko wapi?" akauliza Kiboko.

"Ndio huo, Mheshimiwa. Umeshaanza kazi."

Ngiri akainama, akachungulia huku na huku. "Jina langu silioni!"

"Liko miguuni, Bwana Ngiri."

"Miguuni! Mimi, mwenyekiti?"

"Ndiyo. Baridi ilikuwa inaingilia huko."

Mbuni akameza mate, na kwa shingo ile yalichukua muda kufika. Kiboko akakohoa kidogo, akakunjua hotuba yake.

"Mheshimiwa, shhh," akasema Bi Pimbi. "Mwanangu amelala."

Akawatoa wote nje, mgeni rasmi na mkasi wake, akafunga mlango.

Mmesikia, wakubwa kwa wadogo? Ukitaka kumsaidia mtu, tazama shida yake iko wapi, uuweke msaada wako papo hapo, hata kama hakuna atakayekuona. Na wewe mzazi, usimwache mwanao agande kwa kuogopa kuwaudhi wakubwa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayetaka kuiundia kamati, asubiri kwanza niondoke.