Pengo la Mawe ya Ilunda

"Mwenye pupa ya kuziba pengo huziba nafasi yake." Bibi Nyamwi alimwambia hivyo mjukuu wake, na vijana waliokuwa wakipukuchua mahindi pamoja naye wakataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Akawajibu kuwa yalizaliwa kwenye Mawe ya Ilunda, na yalizaliwa hivi.

Msengi alikuwa mwashi kutoka bondeni, aliyeoa kwa Mzee Kitundu na kuhamia ukweni, huko mlimani. Alijenga vizuri, akalima vizuri, lakini watu waliendelea kumwita "yule wa bondeni." Hakulalamika, ila jina hilo lilimchoma. Basi Mzee Kitundu alipomwambia, "Mkwe, kesho utakuja nasi kwenye Mawe," Msengi hakuweza kungoja. Alasiri ileile akaenda peke yake kutazama.

Aliyakuta mawe marefu kuliko mtu, yamesimama duara katikati ya nyasi. Hayakuwa na alama ya patasi wala udongo wa kuyashika, na hakuna aliye hai aliyejua yalisimamishwa lini. Alipoingia ndani upepo ulinyamaza. Msengi akavua kofia bila kujua kwa nini. Aligusa jiwe moja, akalikuta lina joto kama ubavu wa ng'ombe.

Kisha akaona pengo upande wa mashariki, upana wa mtu mmoja. Mwashi gani aone pengo akapita?

"Hapa limeanguka jiwe, na hawa hawana fundi," alijisemea. "Nikilirudisha, nani ataniita tena wa bondeni?"

Akaleta ng'ombe, akaburuta jiwe refu kutoka mteremkoni juu ya magogo, akalisimamisha na kulishindilia hadi likasimama imara kama wenzake.

Asubuhi ukoo mzima ulipanda ukiimba. Kila nyumba ilikwenda kwenye jiwe lake. Walipofika mashariki, nyimbo zikakatika.

"Nani kafanya hivi?" akauliza Mzee Kitundu.

"Mimi, baba. Nilitaka kuwasaidia."

Shemeji yake, Sumbi, akaangua kicheko. "Mwashi wetu! Umejijengea ukuta, ukabaki nje!"

"Nyamaza, Sumbi," mzee akasema. Akamgeukia Msengi. "Mwanangu, hapa halijawahi kusimama jiwe. Hapa husimama mtu. Anayetoka kwingine akawa wetu, siku yake husimama hapa, duara likafungwa. Mama mkwe wako alisimama hapa. Mama yangu pia. Leo ilikuwa zamu yako."

Msengi alitazama kazi ya mikono yake, asijue auweke wapi uso wake. "Nipeni ng'ombe nilitoe," akasema kwa sauti ndogo.

"Ng'ombe wa nini, na sisi tupo?" mzee akajibu.

Wakaliegemea wote, hata wazee, Sumbi akiwa wa kwanza. Jiwe likalala kwenye nyasi. Msengi akaingia penye udongo uliotifuliwa, mkono mmoja kwenye jiwe la kulia, na mwingine kwenye la kushoto. Mzee Kitundu akataja majina ya waliosimama pale, moja baada ya jingine, mengine ya kale mno hata hakuna ajuaye yalikuwa ya nani. Mwisho akasema, "Msengi." Watu wote wakaitikia, na sauti yao ikazunguka kwenye mawe hata akaisikia mgongoni, kana kwamba walioitikia walikuwa wengi kuliko waliokuwapo.

Wakati wa kushuka, Msengi alitembea kati yao. Sumbi akamshika bega, akamwambia taratibu maneno ambayo watu wa Ilunda wanayasema mpaka leo:

"Shemeji, mwenye pupa ya kuziba pengo huziba nafasi yake."