Maua Saba ya Yuditi Chaula

"Aliyerudi peke yake hajarudi." Jana kwa kina Fungo, kijana wao aliporudi kufungua tena nyumba ya marehemu babake huku mke na watoto amewaacha mjini, nilisema neno hilo, nanyi mkacheka mkidhani namwonea wivu. Leo mnaniuliza lilikotoka. Methali hii ilianza hivi, na mimi nilikuwamo, kwa hiyo msitegemee kicheko.

Mlima ule juu ya mashamba ya viazi mviringo haukuwa mtupu kama mnavyouona. Mvua zikianza ulijaa maua ya zambarau, yale ambayo kila shina lina viazi viwili vidogo ardhini, kimoja cha mwaka huu na kimoja cha mwakani. Mama zetu walichimba vichache vya kitoweo, cha mwakani wakakiacha. Kisha wakaja wachuuzi kutoka ng'ambo ya mpaka na magunia yao, tukasahau adabu. Aliyeongoza kuchimba alikuwa mama yangu mkubwa, Yuditi Chaula, maana hakuna aliyekuwa na jicho kama lake. Alichimba mpaka cha mwakani. Alisomesha watoto wanne kwa viazi vile, na mimi sina mdomo wa kumlaumu. Misimu michache tu, mlima ukabaki nyasi.

Uzee ulipomfikia, jambo hilo likaanza kumtafuna. Nyuma ya jiko lake yalikuwa yamesalia mashina saba, aliyoyapanda zamani akayasahau.

"Nataka niyaone yamezaa kule juu kabla sijafa," aliniambia. "Nitamwambia nini Mungu akiniuliza habari za mlima wake?"

Tuliyang'oa pamoja na udongo wake, kwa kuwa ukikiosha kiazi kile hakishiki tena, nikayabeba kwenye beseni mpaka juu. Mvua zilizofuata yalichanua yote saba. Kijiji kizima kilipanda kutazama, mchungaji akaomba, mama mkubwa akalia kwa furaha. Tulishuka tukiamini kazi imekwisha.

Wapi! Yalinyauka bila kushika mbegu. Mwaka wa pili vivyo hivyo. Nguruwe pori wakafukua mawili, mengine yakaoza, na hapakuwa na chipukizi la kushika nafasi. Mwaka wa nne lilibaki moja. Lilipochanua, mama mkubwa alinishika mkono tukapanda, tukaketi mbele yake tangu umande mpaka jua la utosi. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu nikachoka.

"Mama mkubwa, tunangoja nini?"

"Wale wadudu weusi, wadogo kuliko nyuki. Nilipokuwa nachimba hapa walinitambalia usoni mpaka nawatukana. Bila wao ua hili halizai." Akatega sikio, hapakuwa na mvumo wowote. "Obadia, ile dawa unayopuliza kwenye viazi vya shambani, inaua nini?"

"Wadudu, mama."

"Wadudu gani?"

Bomba la dawa nilikuwa nimelibeba mgongoni miaka kumi, shambani kwangu na kwa watu, maana ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

"Wote," nikasema.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alilitazama ua lile, akasema polepole, "Basi tumelirudisha kwenye nyumba ya wafu. Aliyerudi peke yake hajarudi, mwanangu."

Niliweka bomba chini siku ile. Viazi vyangu vililiwa na wadudu wa shambani, na majirani waliendelea kupuliza kwa sababu wana watoto wa kulisha. Wale weusi hawakuja. Mama mkubwa alifariki katika baridi ya Julai, na kabla ya hapo alimwuliza kila aliyekwenda kumwona kitandani kama kule juu kuna mbegu. Mimi nilimdanganya mara moja, nikasema ipo. Alijua.

Mvua ziliponyesha nilipanda mlimani peke yangu. Ua lilikuwa limechanua, na sijapata kuliona zuri namna ile. Nilikaa mpaka mchana, hakikupita hata kidudu kimoja, nikalia kama mtoto. Mwaka uliofuata halikuota.

Kwa hiyo akirudi mtu, msikimbilie vigelegele. Mwulizeni kwanza amerudi na nani. Aliyerudi peke yake hajarudi.